Mali Bila Daftari: Mjadala wa Ankara za Bitcoin

Kampuni ndogo inayouza huduma kwa kampuni nyingine, je, ifungue mlango wa kulipwa kwa Bitcoin kupitia programu inayoiendesha yenyewe kwenye seva yake, bila wakala katikati? Nimezipa nafasi sauti mbili. Fundi ni kijana wa Mombasa anayetengeneza mifumo ya kompyuta ya maghala kwa wateja wa Ulaya. Mhasibu ni shangazi yake, dada wa baba, aliyeshika vitabu vya kampuni za uwakala wa forodha kwa miaka 30. Wote wawili nimewatunga ili kila hoja ipate mtu wa kuitetea kwa moyo wake wote. Sheria, miaka na bei za soko wanazozitaja ni za kweli.

FUNDI: Shikamoo, shangazi. Nianze na kinachoniuma. Nilimpelekea mteja wa Ujerumani ankara ya euro 2,400, kazi ya miezi miwili. Alilipa siku ya Jumatano. Zikanifikia Jumanne iliyofuata, tena si zote, maana kuna benki ya katikati iliyojikatia chake njiani. Yeye ana karatasi inayoonyesha ametuma 2,400. Mimi nina taarifa ya benki inayoonyesha nimepata pungufu. Hakuna mwongo kati yetu, na bado kuna deni.

MHASIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo nimeliona miaka yote, na lina dawa yake. Fomu ya kutuma fedha nje ina sehemu ya kusema makato yabebwe na nani: mtumaji, mpokeaji, au wagawane. Mteja wako aliacha mgawane. Ungeandika kwenye mkataba kwamba makato yote ni juu yake, ungepata 2,400 zako kamili. Ugonjwa wenye dawa ya sentensi moja, kwa nini uutibu kwa kubadilisha sarafu?

FUNDI: Sentensi hiyo nitaiandika, ahsante. Lakini haitaziondoa zile siku sita. Wala haitanisaidia kwa yaliyonipata kabla ya hapo, wakala mmoja wa malipo ya mtandaoni alipozishikilia fedha zangu wiki tatu kwa uchunguzi. Sikuambiwa kosa langu wala aliyenishtaki. Mishahara ya vijana wawili ilikuwa ndani ya fedha hizo. Tangu siku ile najiuliza kwa nini jasho langu lipite mkononi mwa mtu ambaye sina njia ya kumuuliza.

Ndiyo sababu naiangalia BTCPay Server. Yenyewe ilizaliwa na kuvunjika kwa imani. Mwaka 2017 watu wa Bitcoin waligawanyika juu ya kubadilisha kanuni za mtandao wao, na BitPay, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiwapokelea wafanyabiashara malipo ya Bitcoin, ikaegemea upande mmoja. Mfaransa mmoja mwandishi wa programu, Nicolas Dorier, alikasirika. Agosti mwaka ule alitangaza hadharani kwamba ataifanya isihitajike tena, akakaa chini akaanza kuandika. Leo programu ile ni huria: huinunui, na yeyote anaweza kuusoma msimbo wake. Unaiweka kwenye seva yako, inatoa ankara, inatazama malipo, inakuarifu yakifika. Fedha zinatoka kwa mteja zinakuja kwako.

MHASIBU: Usinieleze. Nionyeshe.

Fundi anafungua kompyuta, anaandika ankara ya majaribio ya euro 20. Kwenye kioo panatokea msimbo wa QR, kiasi cha Bitcoin chenye tarakimu nane baada ya nukta, na saa inayohesabu kurudi nyuma: 14:59, 14:58. Analipa kwa pochi iliyo kwenye simu yake. Punde ukurasa unaonyesha kwamba malipo yameonekana, ila yanasubiri kuthibitishwa.

MHASIBU: Yanasubiri nini?

FUNDI: Miamala ya Bitcoin huandikwa kwenye daftari la pamoja kwa mafungu, fungu moja kila dakika 10 hivi kwa wastani. Kwa ankara ndogo, muamala ukishaingia kwenye fungu moja natosheka. Kwa fedha nyingi wengi hungoja mafungu sita, kama saa nzima.

MHASIBU: Saa nzima naivumilia, benki ilikuchukua siku sita. Kinachonishtua ni hizi dakika 15. Kampuni hailipi kama mtu anayenunua mkate. Ankara ikifika mezani kwangu naipeleka kwa mkuu wa idara, nailinganisha na hati ya kuagizia, inatiwa sahihi mbili, halafu inangoja siku ya malipo. Siku 30, mara nyingine 60. Ankara inayokufa kwa robo saa itaidhinishwa na nani?

FUNDI: Dakika 15 ndio muda ninaokubali kuubeba mtikisiko wa bei. Ankara yangu imeandikwa kwa euro. Programu inachukua bei ya soko ya dakika ile, inakokotoa kiasi cha Bitcoin, na muda ukipita hesabu hiyo haifai tena. Kwa hiyo kampuni siipelekei ukurasa huu. Naipelekea ombi la malipo, yaani kiungo kinachokaa hai mwezi mzima kikisema euro 2,400 kwa kazi fulani. Mhasibu wao akikibonyeza siku yao ya malipo, hapo ndipo saa inaanza na kiasi kinakokotolewa upya.

MHASIBU: Basi deni ni la euro, na Bitcoin ni gari la kulibebea.

FUNDI: Ndivyo.

MHASIBU: Hilo liingie kwenye mkataba kabla ya neno lolote la seva. Sasa, mteja akituma pungufu? Nakuuliza kwa sababu hilo limewashinda wakubwa. Valve, wenye duka la michezo ya kompyuta la Steam, waliacha kupokea Bitcoin Desemba 2017. Walieleza kwamba ada ya muamala mmoja ilikuwa imekaribia dola 20, wakati walipoanza mwaka uliotangulia ilikuwa kama senti 20. Bei ikiyumba kabla malipo hayajakamilika, ilibidi ama wamrudishie mteja ama wamwombe aongeze, na kila safari ina ada yake. Kampuni yenye wahandisi wa kila aina ilichoka. Wewe una vijana wawili.

FUNDI: Mfano ni wa haki, ila tazama kilichokuwa kikiuzwa. Ada ya Bitcoin haifuati ukubwa wa fedha. Inafuata ukubwa wa muamala kwenye daftari na msongamano wa siku hiyo. Dola 20 juu ya mchezo wa dola 10 ni maafa. Juu ya ankara ya euro 2,400 haifiki asilimia moja. Kwa viasi vidogo kuna mtandao wa Lightning uliojengwa juu ya Bitcoin, wenye ada ndogo sana na malipo ya sekunde, ingawa huo unataka ufunguo wa fedha ukae kwenye seva iliyo hewani muda wote, kwa hiyo sitaweka humo zaidi ya fedha za matumizi ya wiki.

Kuhusu pungufu, hutokea kweli, hasa mteja akituma kutoka kwenye soko la sarafu linalokata ada yake ndani ya kiasi kile kile. Programu inaonyesha kilichofika na kilichobaki, na naweza kuweka kiwango cha kusamehe, tuseme asilimia moja.

MHASIBU: Kusamehe kuna jina kwenye vitabu, kunaitwa punguzo, na lazima kuwe na aliyeidhinisha. Na kurudisha je? Mteja ameghairi nusu ya kazi baada ya mwezi, na Bitcoin imepanda kwa asilimia 20. Unamrudishia Bitcoin zile zile au euro zile zile?

FUNDI: Programu inaniuliza swali hilo hilo. Inanipa nafasi ya kuchagua kiwango cha siku aliyolipa, kiwango cha leo, au thamani ya fedha ya kawaida.

MHASIBU: Programu kukuuliza siku ya ugomvi ni kuchelewa. Deni lilikuwa la euro, na marejesho yawe ya euro, kwa kiwango cha siku ya kurudisha. Liandike leo mkiwa bado mnapendana.

FUNDI: Nimeandika. Ngoja sasa nikuonyeshe kitu utakachokipenda. Unaijua ile kanuni yako, kwamba anayetoa ankara asiwe yeye anayeshika fedha?

MHASIBU: Hiyo ndiyo iliyoniweka kazini miaka 30 bila doa.

FUNDI: Humu imo. Bitcoin ina ufunguo wa siri, unaotoa fedha, na ufunguo wa umma, unaozalisha anwani za kupokelea. Seva yangu naipa ule wa umma peke yake. Kila ankara inapata anwani mpya, mteja mmoja haoni malipo ya mwingine, na mwizi akiivunja seva usiku wa manane hakuti fedha. Ufunguo wa siri uko kwenye kifaa kidogo kisichounganishwa na intaneti, kimefungiwa mbali na seva.

MHASIBU: Karani ana kitabu cha ankara, sefu iko kwingine. Hapo nakupa heko, baba, sikutegemea. Lakini karani mwovu haibi sefu. Anabadilisha namba ya akaunti kwenye ankara.

FUNDI: Na mwizi wa seva atafanya vivyo hivyo: ataweka ufunguo wake wa umma mahali pa wangu, na kuanzia ankara inayofuata wateja watamlipa yeye. Kwa hiyo kila asubuhi anwani moja ya majaribio lazima ilinganishwe na ile inayoonyeshwa na kifaa changu. Na programu isasishwe kila toleo jipya linapotoka.

MHASIBU: Umesema "lazima" bila kusema nani. Hapo nitarudi. Kwanza tuzungumze bei. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Novemba 2022 ilikuwa chini ya 17,000. Ankara ya dola 2,400 iliyopokewa kileleni na kuachwa kwenye pochi mwaka mmoja ingebaki na dola zisizofika 600.

FUNDI: Na aliyevumilia hadi Desemba 2024 aliiona ikipita 100,000.

MHASIBU: Mishahara ya Novemba 2022 haikungoja Desemba 2024, mwanangu. Wewe unauza mifumo ya maghala. Ukiacha mapato kwenye Bitcoin umeanzisha biashara ya pili, ya kubahatisha bei, na vijana wako hawakuajiriwa kwa hiyo.

FUNDI: Nakubali, kinachoingia kiuzwe siku hiyo hiyo. Wengi wanakimbilia USDT, sarafu iliyofungwa kwa dola, ili wasiumwe kichwa na bei. Lakini ile ina kampuni nyuma yake, Tether, inayoweza kuifungia anwani. Nikienda huko nimemrudisha wakala niliyemkimbia.

MHASIBU: Hata bila USDT amerudi. Utauza Bitcoin kwa nani upate shilingi za kodi ya nyumba na umeme? Kwa soko la sarafu au mnunuzi wa mkononi, na mwisho wa safari kuna benki au M-Pesa. Wakala uliyemtoa mlango wa mbele ameingia wa nyuma, na siku atakapokuuliza fedha zimetoka wapi, atataka karatasi.

FUNDI: Ndiyo, lakini kuna siku mlango wa mbele ndio uhai wenyewe. Oktoba 2020 nchini Nigeria, wanawake wa Feminist Coalition walikuwa wakichangisha fedha kusaidia waandamanaji waliopinga ukatili wa kikosi cha polisi cha SARS. Njia zao za kibenki zilipofungwa, walihamia BTCPay Server, michango ikaendelea kuingia. Mimi si mwanaharakati. Nataka tu siku njia moja ikifungwa bila sababu, mshahara usifungwe nayo.

MHASIBU: Hoja hiyo siipingi. Mlango wa dharura una haki ya kuwepo. Ila tusiufanye mlango mkuu. El Salvador waliifanya Bitcoin fedha halali tarehe 7 Septemba 2021, kwa sheria kabisa, wenye biashara wakatakiwa kuipokea. Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 1.4 na Shirika la Fedha la Kimataifa, wakarekebisha sheria, kupokea kukawa hiari. Kama serikali imeshindwa kuwalazimisha wenye maduka, wewe hutamlazimisha mhasibu wa Ujerumani.

Na sheria ya kwetu umeitazama? Mwaka 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo kwamba Bitcoin si fedha halali. Septemba 2023 ikaanza kodi ya asilimia 3 ya thamani ya mali za kidijitali inapohamishwa. Mwaka 2025 kodi hiyo ikafutwa, ukaja ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma. Novemba 2025 ikaanza kutumika sheria ya kuwapa leseni watoa huduma hao, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ukipata mteja Dar es Salaam, kuna mengine: Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi, kisha sheria ya fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Njia ya kibenki ina makato, lakini kanuni zake nazijua kwa moyo. Hii inabadilika kabla sijamaliza kuisoma.

FUNDI: Mimi napokea malipo ya kazi yangu mwenyewe, siwashikii watu fedha.

MHASIBU: Leo. Kesho jirani mwenye duka la vipuri atakuomba umfungulie sehemu kwenye seva yako, na programu hiyo inaruhusu maduka mengi. Siku hiyo usikubali kabla hujaonana na wakili, maana utakuwa umeanza kuwahudumia wengine, na leseni ni kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Jingine: ukurasa ulionionyesha wenye msimbo wa QR si ankara ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Ankara ya kodi inatoka kwenye eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, kwa thamani ya shilingi. Mkaguzi hatapokea picha ya kioo.

FUNDI: Shangazi, Bitcoin yenyewe ni daftari. Kila muamala uko wazi tangu Januari 2009, haufutiki. Mkaguzi atataka nini zaidi?

MHASIBU: Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lako hilo linajua kiasi na saa. Linajua sababu?

FUNDI: Sababu?

MHASIBU: Kwamba fedha hizi ni malipo ya mfumo wa ghala, mteja fulani, mkataba namba fulani, euro 2,400, kiwango cha saa nane mchana. Hayo yameandikwa wapi?

Fundi ananyamaza kidogo kabla ya kujibu.

FUNDI: Kwenye hifadhidata ya seva yangu.

MHASIBU: Seva ikiungua?

FUNDI: Fedha nazirudisha. Nina maneno 24 niliyoyaandika kwenye karatasi. Kwa maneno hayo pochi inafufuka kwenye kifaa chochote.

MHASIBU: Nimekuuliza ankara, umenijibu fedha.

FUNDI: Ankara... hazirudi. Maneno 24 yatafufua anwani na salio. Hayatasema ni anwani ipi ilikuwa ya mteja yupi. Bila nakala ya hifadhidata nitabaki na rundo la malipo yasiyo na majina.

MHASIBU: Hapo ndipo nilipokuwa nakupeleka. Wakala uliyemkasirikia alikuwa akikufanyia kazi ambazo hukuziona: kukutunzia kumbukumbu, kukesha na mitambo, kuwa na mtu wa zamu. Umemfukuza, sawa, lakini kazi zake hazikuondoka naye. Zimebaki mlangoni kwako zinangoja mtu. Sasa lile "lazima" lako la asubuhi. Ukilazwa hospitali wiki mbili, nani atalinganisha anwani? Nani atasasisha programu? Na Mungu akuepushe, ukifa, mkeo atayaona wapi maneno 24, na akiyaona, si atakuwa ameshika fedha zote peke yake bila wa kumuuliza?

FUNDI: La mwisho lina jibu. Kuna pochi ya funguo tatu ambayo hutoa fedha funguo mbili zikikubaliana. Mmoja nikae nao mimi, mmoja mshirika wangu, wa tatu...

MHASIBU: Wa tatu usinipe mimi. Mimi nitashika vitabu.

FUNDI: Basi kwa wakili. Yale mengine sina jibu leo.

Hapo ndipo nawaachisha wazungumzaji wangu, kwa sababu jambo ninaloliamini limekwisha kusemwa na mhasibu. Nimesikia watu wengi wakiibishania Bitcoin kana kwamba ni dini: upande huu ukombozi, upande ule utapeli. Mwenye kampuni ndogo hafaidiki na ubishi huo. Swali linalomfaa ni nani atazifanya kazi za wakala akishaondoka. Asiyeweza kutaja watu wawili kwa majina, mmoja wa kuangalia seva na mmoja wa kushika nafasi yake, abaki na benki, aandike ile sentensi moja ya makato, na hatakuwa amekosa kitu.

Anayeweza kuwataja, nasema afungue mlango huo bila hofu, uwe wa pili baada ya benki. Deni liandikwe kwa euro au shilingi. Marejesho yakubaliwe kabla ya kazi kuanza. Ankara ya eTIMS itoke kama kawaida. Kinachoingia kibadilishwe siku hiyo hiyo. Nakala ya hifadhidata ihifadhiwe kila usiku mahali pengine mbali na seva. Na kwenye daftari la kawaida uongezwe mstari mmoja kwa kila malipo: tarehe na saa, mteja, namba ya mkataba, kiasi cha euro, kiwango cha kubadilishia, kiasi cha Bitcoin, namba ya muamala. Ni kazi ya dakika mbili. Dakika hizo ndizo zitakazomjibu mkaguzi, mjane na mshirika, kila mmoja kwa swali lake.

Zile euro 20 za majaribio zilithibitishwa wakati wakizungumza. Mhasibu alivuta daftari la mpwa wake, akachora safu saba kwa rula, akamkabidhi kalamu ajaze mstari wa kwanza.